Jemadari Mobutu na Amani Isiyofika Fizi

Habari za Jemadari Mobutu husimuliwa mara nyingi kutoka Kinshasa, alikokaa serikalini, au kutoka Gbadolite, alikojenga majumba yake. Leo twapenda kumtazama kutoka upande mwingine kabisa wa nchi: kutoka Fizi na Baraka, pale milima ya Wabembe inapoteremka mpaka maji ya Ziwa Tanganyika. Twafanya hivyo kwa sababu moja. Mtawala hapimwi vema mlangoni pa jumba lake, ambako kila mtu humpigia makofi. Hupimwa mwishoni mwa barabara zake, ambako makofi hayasikiki.

Mobutu aliahidi kuleta amani kwa mkono wenye nguvu. Alitawala miaka zaidi ya 31. Basi tuulize kwa utulivu: amani hiyo ilikuwa ya namna gani, na je, ilifika Fizi?

MTOTO WA MPISHI

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 huko Lisala, mji ulio ukingoni mwa mto Kongo, katika kabila la Wangbandi. Katika ubatizo alipewa majina ya Joseph-Désiré. Baba yake alikuwa mpishi wa hakimu mmoja Mbelgiji. Mke wa hakimu yule alimpenda mtoto, akamfundisha kusema na kusoma Kifaransa. Lakini baba alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minane tu, na mama yake akabaki na mzigo wa kuwalea watoto.

Kijana alisoma kwa wamisionari huko Coquilhatville, mji unaoitwa sasa Mbandaka. Akili alikuwa nayo, lakini utii ulimshinda. Alitoroka shuleni kwenda kutembea Léopoldville, akafukuzwa. Siku zile desturi ya serikali ya Wabelgiji ilikuwa kuwapeleka vijana wakaidi jeshini, katika Force Publique, kwa miaka saba. Ndivyo mwanafunzi aliyefukuzwa alivyokuwa askari.

Jeshi halikumharibu, lilimfunza. Alisoma vitabu na magazeti kila alipopata nafasi, akafanya kazi ya ukarani, akapanda mpaka cheo cha sajini. Mwafrika hakuruhusiwa kupanda zaidi ya vyeo hivyo vya chini vya sajini. Mwaka 1956 alitoka jeshini, akawa mwandishi wa magazeti mjini Léopoldville. Hapo alifahamiana na Patrice Lumumba, naye Lumumba akamwamini. Ninyi mlio shuleni, angalieni jambo hili: kijana huyu hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa na vipawa vingi. Maisha yake si habari ya mtu asiye na akili, bali ya mtu mwenye akili ambaye hakupata wa kumwambia hapana.

SAA YA UHURU

Kongo ilipata Uhuru tarehe 30 Juni 1960. Hazikupita siku tano, askari wakawaasi maofisa wao Wabelgiji. Katika ghasia hiyo Lumumba, aliyekuwa Waziri Mkuu, alimfanya Mobutu kanali na mkuu wa watumishi wa jeshi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 30.

Mwezi wa Septemba Rais Kasavubu na Lumumba waligombana, kila mmoja akatangaza kumwondoa mwenzake. Tarehe 14 Septemba 1960 Mobutu alitangaza kwamba jeshi linawaweka wote wawili kando. Kwa kweli Kasavubu alibaki na kiti chake, lakini Lumumba alikamatwa na askari wa rafiki yake wa jana. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga, akauawa usiku ule ule. Miaka baadaye Mobutu huyo huyo alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lumumba alipokuwa katika dhiki, rafiki huyo hakuonekana.

FIZI KATIKA MOTO

Tusidhani kwamba watu walimkubali mwanajeshi bila sababu. Yatupasa kukumbuka hali ya nchi wakati ule, na hakuna mahali panapoionyesha vizuri zaidi kuliko Fizi.

Mwaka 1964 maasi ya Simba yalishuka kutoka upande wa Uvira yakaenea pwani nzima ya ziwa. Vijana wengi waliyafuata kwa kuwa walichoka kuona Uhuru umewanufaisha wakubwa wachache tu. Lakini hasira isiyo na hatamu huwala hata wasio na kosa. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, waasi walimwua Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, wamisionari Waitaliani wa shirika la Wazaveri. Siku ile ile huko Fizi walimwua Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert. Huyu Joubert hakuwa mgeni kutoka Ulaya; alizaliwa na mama Mwafrika pwani ya ziwa hili hili, upande wa Moba.

Mwaka 1965 vita vilizidi kuwa vya mataifa. Mwezi wa Aprili Ernesto Che Guevara, mwanamapinduzi aliyejulikana dunia nzima, alivuka ziwa kwa siri kutoka Kigoma akashukia Kibamba, akifuatwa na Wakuba zaidi ya mia moja waliokuja kuwasaidia waasi. Upande wa serikali, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka ziwani mwishoni mwa Septemba, wakapigana vikali mpaka wakautwaa mji. Fizi nayo ikatwaliwa mwezi uliofuata. Wanavijiji walikimbilia milimani, au walivuka maji kwa mitumbwi.

Tarehe 21 Novemba 1965 Guevara na watu wake waliondoka, wamekata tamaa. Siku tatu baadaye, usiku wa tarehe 24 Novemba, Mobutu alimpindua Rais Kasavubu mjini Léopoldville. Watu waliochoka vita walipumua. Twaweza kuwalaumu? Mwenye nyumba inayoungua hamwulizi mleta maji anatoka wapi.

MIAKA MITANO TU

Mobutu alisema wanasiasa wameiharibu nchi kwa miaka mitano, basi naye apewe miaka mitano ya kuitengeneza. Neno hilo liliwapendeza wengi. Na mwanzoni mambo kadha yalitengenezwa kweli: maasi yalizimwa sehemu nyingi, majimbo yaliyotengana yakakusanywa chini ya serikali moja, na mwaka 1967 fedha mpya, zaire, ikatolewa, ambayo moja ilibadilishwa kwa dola mbili za Marekani. Haki yake tumpe.

Lakini gharama yake ilionekana upesi. Tarehe 2 Juni 1966 mawaziri wanne wa zamani, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya maelfu ya watu. Walishtakiwa kwamba walipanga kuipindua serikali. Hukumu yao ilikatwa kwa haraka na mahakama ya kijeshi, siku chache tu baada ya kukamatwa. Mwaka 1968 Pierre Mulele, kiongozi wa maasi ya Kwilu, alirudi kutoka ng'ambo ya mto kwa kuwa aliahidiwa msamaha. Aliuawa. Mwezi wa Juni 1969 wanafunzi wa chuo kikuu walioandamana kudai haki zao walipigwa risasi na askari.

Mwaka 1967 kilianzishwa chama cha MPR, na baadaye hakuna chama kingine kilichoruhusiwa. Kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 1970, ile miaka mitano ilipotimia, uchaguzi ulifanyika: mtu mmoja tu alisimama, naye ni Mobutu. Mpiga kura alichagua karatasi ya kijani kwa ndiyo, au nyekundu kwa hapana, mbele ya macho ya watu wa serikali. Wasomaji wataelewa wenyewe ni wangapi waliothubutu kushika nyekundu.

Kongo haikuwa peke yake. Katika Asia, nchini Thailand, Jemadari Sarit Thanarat alipindua serikali mwaka 1957, akajifanya baba wa taifa, akafuta bunge na katiba, akaamuru watu wengine wauawe bila kupelekwa mahakamani. Barabara na shule alijenga, na wengi walimsifu kwa utaratibu wake. Alipofariki mwaka 1963 ndipo watu walipopata kujua jinsi alivyojilimbikizia mali nyingi mno kutoka hazina ya nchi. Bara ni mbalimbali, lakini njia ni ile ile: kwanza utaratibu, kisha ukimya, na ndani ya ukimya, wizi.

JINA LAKO NANI?

Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 kila raia aliamriwa kuacha jina la kigeni na kuchukua jina la mababu. Rais mwenyewe akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Suti na tai zikakatazwa kwa wanaume, na vazi jipya la abakosti likashika nafasi yake.

Katika fikira hiyo kulikuwa na kitu chema. Mwafrika kuyapenda majina ya mababu zake, nyimbo zake na lugha zake, si dhambi, ni heshima. Hata Kanisa lilikuwa limekwisha kuanza kuimba Misa kwa ngoma na lugha za nchi. Shida haikuwa katika majina ya mababu. Shida ilikuwa kwamba serikali ilijipa mamlaka ya kuingia hata penye kisima cha ubatizo, na padre aliyembatiza mtoto kwa jina la mtakatifu wa kigeni alitishiwa kifungo.

Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, ambaye hakuna aliyeweza kumshtaki kwamba haupendi Uafrika, aliipinga njia hiyo ya nguvu. Mwanzoni mwa 1972 aliondolewa katika nyumba yake, akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Mwaka 1974 Noeli ikaacha kuwa sikukuu ya serikali, na mwisho wa mwaka ule shule za misioni zikatwaliwa. Lakini serikali haikuweza kuziendesha, na mwaka 1977 ikafanya mapatano ya kuwarudishia watu wa dini usimamizi wake. Katika nyumba nyingi, mama aliendelea kumwita mtoto wake Maria au Petro mlango ukiisha kufungwa. Mtawala aweza kuamuru kinachoandikwa katika kitambulisho. Hawezi kuamuru kinachoitwa jikoni.

MALI YA NANI?

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wananchi. Walioyapata hasa ni wakubwa wa chama na jamaa zao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakala fedha, wakafunga milango. Baada ya muda mfupi sukari, chumvi na dawa vikawa haba hata katika miji. Bei ya shaba ikaanguka duniani, na nchi ikazama katika madeni.

Wakati huo huo huko Gbadolite, katika msitu wa kaskazini, yalijengwa majumba ya marumaru na uwanja wa ndege mrefu wa kutosha kupokea ndege ya Concorde. Kila jioni habari za televisheni zilianza kwa sura ya Rais akitokea mawinguni. Walimu na wauguzi walikaa miezi bila mshahara. Watu wakatania kwamba kuna kifungu cha 15 katika sheria za nchi, kisichoandikwa popote, nacho chasema: jitafutie mwenyewe. Mwaka 1993 fedha mpya ilipotolewa, moja yake ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Hesabuni wenyewe, wanafunzi, akiba ya mzee iliyowekwa tangu 1967 ilibaki kitu gani.

Askari nao hawakulipwa. Na askari asiyelipwa, aliye na bunduki, hula kwa raia. Hapo ndipo twarudi Fizi.

MILIMANI JUU YA BARAKA

Baada ya maasi ya Simba kushindwa, mmoja wa viongozi wake, Laurent-Désiré Kabila, alirudi milimani. Mwezi wa Desemba 1967 alianzisha huko chama cha PRP, makao yake makuu yakaitwa Hewa Bora. Kwa miaka karibu 20 milima ya Fizi ilikuwa na serikali mbili. Chini, barabarani na ziwani, walikaa askari wa Mobutu. Juu walikaa wapiganaji wa Kabila, wenye shule zao, kodi zao na adhabu zao. Dhahabu na pembe za ndovu zilivushwa kwenda Kigoma ili kununua mahitaji.

Mkulima alikaa katikati. Akipeleka muhogo sokoni, askari walimshuku kwamba ni mtu wa msituni. Akirudi kijijini, wa msituni walimshuku kwamba ni mpelelezi wa askari. Kila upande ulisema wamlinda, na kila upande ulikula katika chungu chake. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi zile zilikuwa na majina, watoto na mashamba.

Katika Kinshasa watu walicheza ngoma za kumsifu Mlinzi wa Amani. Dunia ilipotazama, mwezi wa Oktoba 1974, mabondia Muhammad Ali na George Foreman wakishindana katika uwanja wa Kinshasa, mwanakijiji wa Fizi alikuwa hana barabara ya kumfikisha hospitali. Mwaka uliofuata watu wa Kabila walivuka ziwa wakateka wanafunzi wanne wageni huko Gombe, nchi ya Tanzania, na hapo tu magazeti ya ng'ambo yakajua kwamba vita vile havijaisha. Mwaka 1984 na tena mwaka 1985 waliushambulia mji wa Moba, nao wakatimuliwa. Basi hivi ndivyo ilivyokuwa ile amani: ilitangazwa redioni kila siku, lakini haikupanda mlima.

MWISHO WAKE

Tarehe 24 Aprili 1990, baada ya kusikiliza malalamiko ya wananchi, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Sauti yake ilikatika, machozi yakamtoka. Lakini mwezi uliofuata wanafunzi waliuawa usiku katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Mkutano Mkuu wa taifa ulifunguliwa mwaka 1991, ukaongozwa na Monsinyori Laurent Monsengwo, Askofu Mkuu wa Kisangani. Ulipofungwa kwa amri, Wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari 1992, wakishika misalaba, rozari na matawi, kudai ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, wengi wakafa. Hata hivyo mkutano ulifunguliwa mwezi wa Aprili.

Mwaka 1996 Mobutu alikuwa Uswisi akitibiwa saratani, vita vipya vilipoanza Kivu, navyo vikasaidiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda. Msemaji wa waasi, na baadaye mkuu wao, alikuwa Kabila yule yule wa Hewa Bora. Uvira ilianguka mwezi wa Oktoba. Tarehe 29 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyesimama kuwatetea wakimbizi na wenyeji, aliuawa njiani mjini Bukavu. Jeshi la Mobutu, lisilolipwa kwa miaka, lilikimbia likipora. Tarehe 16 Mei 1997 aliondoka Kinshasa. Kesho yake waasi wakaingia. Alifariki tarehe 7 Septemba 1997 huko Rabat, nchini Moroko, akazikwa huko ugenini. Mtu aliyewaamuru watu wake kurudia mizizi ya mababu, yeye mwenyewe hakupata kaburi katika ardhi ya mababu.

TWAJIFUNZA NINI?

Wengine watasema: basi shida ilikuwa Mobutu, naye ameondoka. Watu wa Fizi hawawezi kusema hivyo. Kabila alipoketi Kinshasa alizuia vyama vya siasa, akatawala kwa amri zake mwenyewe. Mwaka 1998 vita vikawaka tena, na mwisho wa Desemba mwaka ule raia wengi waliuawa huko Makobola, katika nchi ya Fizi. Maelfu walivuka ziwa, wakajenga vibanda katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania. Kabila mwenyewe aliuawa Januari 2001. Aliyepigana miaka 30 na mtawala wa bunduki alikuwa amejifunza kwake kutawala kwa bunduki.

Basi twawaomba ninyi wazazi, na hasa ninyi vijana mtakaopiga kura na kushika kazi za nchi, mkumbuke maswali matatu kila mara mtu atakapokuja kuwaahidi amani. Kwanza, je, yuko anayeweza kumwambia hapana na kulala salama usiku ule? Pili, je, askari wake hulipwa, au hujilipa? Tatu, je, ahadi yake imefika mwishoni mwa barabara, kwa mkulima asiye na mtu wa kumsemea? Mobutu angeulizwa maswali hayo mwaka 1965, wala si mwaka 1990, machozi mengi yangezuiliwa, pengine hata yake mwenyewe.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza Carrara, Faccin, Didonè na Joubert kuwa wenyeheri. Hawakuwa na jeshi, wala hawakutawala hata siku moja. Waliweza kukimbia kabla ya hatari, lakini walibaki na watu wao. Majumba ya Gbadolite yameporwa, msitu unayameza. Lakini Baraka na Fizi watoto wanabatizwa, na hakuna tena askari wa kuwauliza wazazi kwa nini wamechagua jina la Albert.